Nusu Mche wa Sabuni

Waliokuwepo Jumapili ile, mwezi wa saba mwaka 2017, katika sebule ya nyumba tuliyopanga Observatory, ni hawa. Upande wetu nilikuwepo mimi, bibi wa msichana. Alikuwepo mwanangu wa pili, baba wa msichana, mlinzi wa ghala mjini, na mkewe anayesuka nywele Yeoville. Alikuwepo msichana mwenyewe, mjukuu wangu, miaka ishirini na minne, muuzaji katika duka la dawa. Na alikuwepo rafiki yangu. Huyu si damu yetu. Tulikuwa majirani Lubumbashi, tukazaa pamoja, tukazika pamoja, na hapa Johannesburg alikuwa amekaa chumba cha nyuma cha nyumba yetu kwa miaka kumi na mmoja. Nimemtangulia miaka miwili, kwa hiyo alikuwa ananiita Yaya, yaani dada mkubwa.

Upande wa wageni alikuwepo kijana mwenyewe, mchumba. Baba yake, fundi cherehani mwenye karakana Jeppestown. Na shangazi wa kijana, dada mkubwa wa huyo fundi. Jumla watu wanane.

Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, na ya babu zao. Sitaandika hata moja. Mkisoma mtajua kwa nini.

Kwetu familia mbili zikikutana kwa ajili ya uchumba, hakuna soda inayofunguliwa kabla kila upande haujasema nani ameketi na ni nani kwa nani. Kazi hiyo hupewa mtu mwenye kumbukumbu. Katika kanisa letu lote, ukitaka mtu wa kutaja ukoo wako mpaka kizazi cha nne bila karatasi, unakuja kwangu. Nimefanya hivyo kwenye harusi na matanga hata sihesabu tena. Siku ile nilitaja watu wetu vizuri, rafiki yangu nikamweka mwisho, nikasema, "Na huyu ni mdogo wangu wa hiari."

Akacheka. "Semeni amina, maana wengine ni wadogo wake wa lazima."

Nami nikacheka, macho yangu yakiwa kwa wageni. Kwa sababu mimi nilikuwa najua atakachosema shangazi wa kijana akisimama. Nilikuwa nimejua tangu mwezi wa tatu, siku mjukuu wangu aliponitajia jina kamili la mchumba wake. Mtu mwingine angelisikia likapita. Mimi nilijua lile ni jina la nani na nyumba yake ilikuwa ya ngapi kutoka bombani. Sikusema neno. Nilichofanya ni kujaribu kumshawishi rafiki yangu aende Pretoria Jumapili hiyo ya uchumba kwenye mkutano wa akina mama. Nilimwandalia mpaka kikapu cha chakula. Akaniangalia tu, akasema, "Yaya, mtoto anachumbiwa, mimi niende Pretoria kuimba?"

Basi shangazi akasimama. Mama mnene, sauti ya kwaya. Akamtaja kijana, akamtaja ndugu yake, akajitaja, kisha akasema, "Na sisi sote ni watoto wa marehemu," akataja jina la baba yake, "fundi wa Lubumbashi, aliyekuwa na cherehani barazani, avenyu fulani, komini fulani."

Rafiki yangu aliweka chini sahani ya karanga. Aliiweka taratibu sana.

"Rudia," akasema.

Shangazi akarudia.

"Ondokeni," rafiki yangu akasema. "Chukueni na kreti zenu za soda. Siwezi kunywa kinywaji cha nyumba iliyomuuza mume wangu."

Nitawaeleza sasa aliyokuwa anayasema, maana vijana mle sebuleni nao hawakuelewa.

Wakati ule nchi yetu ilikuwa ya mtu mmoja na Chama kimoja. Kila Jumamosi asubuhi watu wote walitoka kufanya kazi ya lazima, tuliyoiita salongo: kufyeka, kuzibua mifereji, kusawazisha barabara atakayopita mkubwa. Asiyefika aliandikwa. Shefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa wetu mmoja katika ile komini, alikuwa na rejista kubwa yenye jalada jeusi. Lakini mambo yalikuwa yameanza kuanguka. Kampuni ya migodi ililipa mwezi huu, ikaruka miwili. Unga ulikuwa na bei ya asubuhi na bei ya jioni. Chumvi ilipotea, mafuta yakapotea, sabuni ikapotea kabisa, tukafulia majivu na majani ya mpapai. Siku moja ile rejista ikajaa. Shefu akaenda ofisini kuomba nyingine, akaambiwa karatasi hakuna. Ofisi nzima, karatasi hakuna.

Shefu alikuwa ameoa binti wa mjomba wangu. Mkewe akamwambia, "Mbona unahangaika? Chukua huyu dada yangu, kichwa chake ni daftari."

Mimi shule nilisoma miaka miwili tu. Kuandika hasa nimejifunza hapa Johannesburg, katika darasa la akina mama kanisani, ghorofa ya pili ya jengo la zamani mjini. Wakati ule sikuweza hata kuandika jina langu. Lakini nyumba za avenyu yetu zilikuwa hamsini na mbili, na wote waliokuwa wakilala humo niliwajua. Basi Jumamosi watu wakishika majembe, mimi naketi kwenye kiti. Kazi ikiisha, nasimama, nataja nyumba moja baada ya nyingine: fulani yupo, fulani yupo, fulani hayupo. Watu wakaniita Rejista.

Sitadanganya hapa. Nilipenda. Wake za makarani waliosoma kwa masista walikuwa wananisalimia wao kwanza. Na nilijifunza kuruka. Mtu akiwa na mgonjwa, au akiwa ameniletea vitumbua jana yake, jina lake nilikuwa nalimeza. Shefu alijua, akanyamaza. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya rafiki yangu. Mumewe alifanya kazi migodini, mtu mkimya, mrefu. Ya kumi na tano ilikuwa ya fundi cherehani. Ijumaa moja, mishahara ikiwa imerukwa miezi mitatu, yule mume wa rafiki yangu alipanda baiskeli akaenda vijijini kutafuta mahindi. Rafiki yangu alikuja kwangu na macho mekundu. "Yaya, kesho hatakuwepo."

Nikamwambia, "Kwangu atakuwepo."

Na kweli. Jumamosi nilisimama mbele ya watu wote, nikataja kumi na tatu, nikataja kumi na tano. Ya kumi na nne niliimeza. Kila mtu alisikia kwamba nimeiruka, na hakuna aliyekohoa. Baadaye rafiki yangu alinishika mkono akaubusu. Mkono huu.

Kama ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika.

Siku hiyo shefu alikuwa na mgeni, kamisaa wa Chama kutoka mjini. Mchana mimi nilikuwa jikoni kwa binamu yangu, mke wa shefu, namsaidia kukaanga samaki wa mgeni. Nilipita mlango wa nyuma, hakuna aliyeniona. Sebuleni fundi alikuwa anampima kamisaa suti, ile ya Chama isiyo na tai. Akamaliza, akatoka kwa mlango wa mbele, futi shingoni, kamisaa akimsindikiza na kumtania. Avenyu nzima ikaona.

Kisha shefu akaniita nilete maji ya kunawa. Akamwambia mgeni wake, "Huyu mama ndiye rejista yangu. Hajui kusoma, lakini hakosei."

Kamisaa alikuwa na meno mazuri. Akasema, "Haiwezekani. Nyumba hamsini?"

"Hamsini na mbili," nikajibu mimi mwenyewe.

"Haya, tusikie. Za leo. Lakini zote, mama, usiruke. Ukikosea moja, shefu ananipa kuku."

Nilikuwa nimeshika birika. Nikaanza. Wanangu, mtu asiyejua kusoma, amesimama mbele ya mtu mwenye gari na dereva, na yule mtu ananisikiliza mimi, ameacha hata samaki. Majina yalikuwa yanatoka kama maji. Nilipofika kumi na tatu nilijua kwamba inayofuata ni kumi na nne. Nilijua. Ningeweza kusema "yupo", neno moja hilo. Lakini yeye alisema nisikosee. Nikasema jina la mume wa rafiki yangu, nikasema, "Hayupo." Nikaendelea mpaka hamsini na mbili.

Walipiga makofi, wote wawili. Kamisaa alimtuma dereva garini, akaniletea mche mzima wa sabuni. Mche mzima! Nilikuwa sijashika sabuni tangu Pasaka.

Jioni niliikata katikati kwa uzi, nusu nikampelekea rafiki yangu. Nikamwambia kwamba binamu yangu ndiye amenipa. Akanusa, akalia. Akawaogesha watoto wake wote.

Jumapili mumewe alirudi na nusu gunia la mahindi kwenye baiskeli. Jumatatu walimchukua. Walisema wasiokuwepo Jumamosi ile walikuwa kwenye kikao cha kupanga mgomo. Katika avenyu yetu walichukua wanaume watatu. Wawili walirudi baada ya wiki. Yeye alikaa miezi minane. Alirudi hawezi kushika kijiko, na mvua za mwaka ule hazikwisha kabla hatujamzika.

Nani alimsema? Watu hawakuumiza vichwa. Rejista alimruka, kila mtu alisikia. Aliyekuwa jirani, aliyejua baiskeli haipo, aliyeonekana akicheka na kamisaa, ni fundi. Ikawa fundi. Watu wakaacha kumpelekea nguo. Na mimi nilikuwa na kitenge changu kwake. Nilikwenda kukichukua kabla hajakishona. Alinipa kimekunjwa vizuri. Akasema, "Hata wewe, mama?" Nikatazama chini, nikaondoka. Mwaka uliofuata fundi alihama na watoto wake, tukasikia wamefika Zambia.

Sasa rudini nami sebuleni Observatory. Rafiki yangu amesimama. Baba wa kijana, yule fundi wa Jeppestown, hakupandisha sauti. Alisema, "Mama, baba yangu alishona suti. Alishona suti tu. Mpaka anakufa Lusaka alisema hivyo. Tulimzika watu wanne, maana watu wa Lubumbashi waliokuwa pale walikataa kuja."

"Shetani pia anazikwa," rafiki yangu akajibu.

"Eish," mjukuu wangu akasema, na machozi.

Ndipo mwanangu akanigeukia. Naye alikuwa mdogo wakati ule, hakujua kitu. "Mama," akasema, "wewe ndiye unayekumbuka. Ilikuwa hivyo?"

Watu saba wakanitazama. Hita ya gesi ilikuwa inavuma. Nami nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema maishani mwangu:

"Ni zamani. Sikumbuki vizuri."

Wageni wakaondoka. Kreti walizibeba wenyewe mpaka garini. Mwanangu akasema hawezi kumpeleka mtoto wake katika nyumba yenye damu, yakaisha.

Mjukuu wangu hakula siku mbili. Anaongea Kiingereza na Kizulu zaidi kuliko Kiswahili, lakini siku ile ya tatu alinitafuta kwa Kiswahili, naye ananiita Kambo, kama tunavyowaita mabibi kwetu. "Kambo, wewe unakumbuka jina la mbuzi wa jirani yako, mwaka ule Wabelgiji walipoondoka. Hili ndilo umesahau?"

"Uzee, mwanangu."

"Hapana. Jana uliniambia nambari ya teksi iliyotupeleka kliniki mwaka juzi."

Mwaka ule vijana wa kanisani walikuwa kutwa kwenye simu wakitazama yaliyokuwa yakitokea nyumbani, jinsi watu walivyokuwa wakimwambia mkubwa mwingine muda wake umekwisha aondoke, na jinsi walivyokuwa wakipigwa. Walitusema sisi wazee: nyinyi mliwezaje kuvumilia yule wa kwanza miaka yote ile? Wazee walijibu kuhusu askari, kuhusu njaa. Yote ni kweli. Mimi nilikuwa nafikiria birika mkononi mwangu. Hakuna askari aliyenishikia bunduki siku ile. Niliulizwa kwa upole nikajibu kwa furaha.

Jumatano nilijaribu njia rahisi. Tulikuwa nyuma ya nyumba kwenye jua, tunachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasema, "Mdogo wangu, ni miaka mingi. Yule mzee amekufa. Kijana ana kosa gani? Samehe."

Aliendelea kuchambua majani. "Yaya, wewe unaweza kusema samehe, kwa sababu mikono yako ni safi. Wewe ulimficha mbele ya watu. Wewe ulinipa nusu ya sabuni yako wakati komini nzima haina sabuni. Mtu kama wewe, kusamehe ni kwepesi. Mimi sijafika huko."

Hadithi hiyo alikuwa ameisimulia kila mahali. Kwenye matanga, kwenye foleni ya karatasi za ukimbizi, kwa mchungaji. Rejista alivyoruka nyumba ya kumi na nne. Miaka thelathini nimekaa kando yake nikisikiliza nasifiwa, naangusha macho, na watu wanasema tazama, hata kujivuna hajivuni.

Pale kwenye jua ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu. Nilichosema ni, "Majani haya yana mchanga, tuyaoshe mara mbili."

Alhamisi mjukuu wangu alirudisha kitambaa alicholetewa na upande wa kijana, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Niliuona ule mfuko mlangoni, na kitambaa kimekunjwa vizuri ndani. Nikakumbuka kitenge changu. Nikamwambia mwanangu, "Wapigie simu wale watu waje tena Jumapili. Wote waje. Waambie bibi ameomba."

"Kufanya nini, Mama?"

"Nimekumbuka."

Walikuja, sijui kwa nini walikuja, lakini walikuja. Watu wale wale wanane, saa tisa mchana baada ya ibada. Rafiki yangu aliketi karibu na mlango, mgongo nusu kwa wageni. Hakuna soda. Walidhani nitawataja waliokuwepo, kama kawaida. Nikasimama na kusema, "Jumamosi ile shefu alikuwa na mgeni. Nilikuwa jikoni kwake. Mgeni aliniambia nitaje nyumba zote, nisiruke."

Kisha nikaanza kutaja. Nyumba ya kwanza, mtu fulani, yupo. Ya pili, yupo. Ya tatu, mjane fulani na mwanawe, wapo. Sikuwahi kuzitaja tena tangu siku ile, na hakuna iliyopotea. Niliposema ya sita rafiki yangu alianza kugeuka. Ya kumi alikuwa ananitazama. Midomo yake ilikuwa inataja pamoja nami, maana na yeye aliishi pale. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Nikataja jina la mumewe, lote, na la baba yake, kama nilivyolitaja kwa kamisaa. Nikasema, "Hayupo."

Nikaenda moja zaidi. "Ya kumi na tano, fundi, yupo. Alikuwa ameshatoka na futi yake. Hakusikia chochote."

Shangazi wa kijana alifunika uso kwa khanga. Ndugu yake hakusogea. Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake, vile vya ulinzi.

Rafiki yangu akauliza, "Alikupa nini?"

"Sabuni."

"Ile," akasema.

"Ile."

Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akasema, si kwa hasira, kama mtu anayejieleza mwenyewe, "Niliwaogesha watoto. Na ile nguo aliyovaa Jumatatu walipomchukua, niliifulia hiyo."

Nilipiga magoti. Nilitaka kumshika miguu. Akasema, "Simama, Yaya, utaumia magoti." Aliniita Yaya hata hapo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Hakulala kwetu siku ile. Alivuka sebule, yule ambaye wiki iliyopita hakutaka soda yao, akapiga magoti mbele ya baba wa kijana na dada yake. Akawaambia, "Nilimtemea baba yenu mate barazani kwake. Mara mbili. Mbele ya watoto, yaani nyinyi." Mimi ndiye niliyekosa, na yeye ndiye aliyekuwa anaomba msamaha. Shangazi akamwinua. Jioni waliondoka naye garini mpaka Jeppestown, na mizigo yake ikafuatwa Jumanne. Mpaka leo anakaa kwa shangazi huyo, juu ya karakana.

Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na mbili. Rafiki yangu alikuja, kavaa kitenge alichoshonewa Jeppestown. Aliketi upande wa kijana, kwa watoto wa fundi. Ulipofika wakati wa kutaja watu, mwanangu hakunitazama. Alimpa mtu mwingine karatasi. Yule alisoma vibaya, akamruka shangazi mzima, watu wakacheka. Mimi nilibaki nimeketi mahali pangu.

Wanangu hawajanifukuza. Mjukuu wangu ananiletea dawa za presha kila mwezi na kuniita Kambo. Lakini siku moja alikuwa anamsimulia mumewe jambo kwenye simu, akaniona nimeingia, akashusha sauti. Sikumlaumu.

Ninaandika haya katika daftari la shule nililonunua spaza, kiduka cha hapa kona, ili yasomwe kanisani, na yakisomwa yawafikie waliokuwa avenyu ile, waliotawanyika Lusaka, Ndola, Durban na kwingineko. Mimi ni mzee, nimeandika polepole, na huenda nimekosea. Labda mvua zilikuwa zimeshakwisha tulipomzika. Labda waliochukuliwa walikuwa wanne. Labda fundi hakusema "Hata wewe, mama?" bali "Hata wewe?" tu. Kama ulikuwepo na unakumbuka vingine, nirekebishe, nitashukuru. Na kama kuna Jumamosi nyingine yoyote nilisema mtu hayupo, naye alikuwepo, au alikuwa na mgonjwa, na wakaja kwake, niambie hilo pia, hata kama ni zito. Ila nyumba ya kumi na nne msinirekebishe.